Siku ya kupimwa na daktari wa VA: nijikaze au niseme yote?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni sajini katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Mgongo uliharibika niliporuka kutoka kwenye lori nikiwa na mzigo, na goti la kulia halijakaa sawa tangu mazoezini. Kichwa kinanisumbua, masikio yanavuma, na tangu nirudi kutoka Afghanistan usingizi wangu ni wa taabu. Sasa nimepelekwa kwenye MEB, bodi ya kitabibu ya jeshi inayotazama kama afya yangu inakidhi viwango vya kubaki jeshini, na baada ya wiki mbili nitaonana na madaktari wa VA, idara ya serikali ya maveterani, yaani askari waliotoka jeshini. Wenzangu wananichanganya. Mmoja anasema niende na fimbo, nisimeze dawa siku hiyo na nisiiname kabisa. Mwingine anasema nisitaje ndoto mbaya, nitaandikwa mwendawazimu. Mke wangu anasema niseme ukweli, lakini mimi nikiulizwa hali huwa najibu naendelea vizuri. Wakati mwingine mguu unakufa ganzi ila hiyo si kitu. Ninachoogopa ni daktari mmoja kuamua maisha yangu na ya watoto wangu kwa nusu saa. Nifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa maumivu. Maswali yako ni mengi, lakini nikiyachuja nabaki na hofu mbili: ukisema kidogo utanyimwa haki yako, na ukisema sana utaonekana mwongo au mwendawazimu. Nimewapima askari na maveterani kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza mambo yanavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza. Mke wako amesema kweli, ila kusema ukweli ndani ya chumba kile kunahitaji maandalizi kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na huyo daktari unayemwogopa. Hatakutibu, hatakuandikia dawa, hatakupa asilimia ya ulemavu inayoamua malipo, wala hataamua kama unabaki jeshini au unatoka. Wengi wao hata si waajiriwa wa VA, bali wanatoka kwenye kampuni za mkataba kama QTC, VES na Optum Serve. Kazi yao ni kujaza fomu iitwayo DBQ. Mgongo una yake, goti lina yake, maumivu ya kichwa yana yake, PTSD, yaani mkazo wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, ina yake. Ndani ya fomu kuna visanduku vya kutia alama, nafasi za kuandika namba, na mistari ya maelezo. Baada ya hapo ofisa wa VA ambaye hutamwona kamwe anaichukua fomu hiyo pamoja na jalada lako la matibabu, anafungua jedwali la ulemavu lililomo katika kanuni za shirikisho, 38 CFR Sehemu ya 4, na kutafuta mstari unaolingana na kilichoandikwa. Kisichoandikwa hana njia ya kukijua. Kwa hiyo nusu saa ile ni kipande kimoja cha ushahidi. Lakini ni kipande kizito, na ni wewe unayempa mwandishi cha kuandika.

Jambo la pili ambalo askari wengi hulielewa wakiwa wameshachelewa ni kwamba vipimo hivi vinatumika mara mbili, kwa namna mbili tofauti. Wewe umo katika IDES, mfumo wa pamoja wa Wizara ya Ulinzi na VA ulioanza kwa majaribio mwaka 2007. Kabla yake askari alipimwa na jeshi, akatoka, akapimwa tena na VA, na majibu yakagongana. Siku hizi vipimo ni seti moja na asilimia zinapangwa na VA. Tofauti inakuja kwenye hesabu. VA inalipia kila tatizo lililotokana na utumishi wako. Jeshi linahesabu yale tu ambayo bodi ya PEB, inayofuata baada ya MEB, imeamua kwamba yanakuzuia kufanya kazi yako. Unaweza kutoka VA ikikuhesabia jumla ya asilimia 70, huku jeshi likikuhesabia mgongo peke yake kwa asilimia 20.

Kwa mtu wa miaka tisa kama wewe, mpaka upo kwenye asilimia 30 ya upande wa jeshi. Ukiufikia unastaafishwa kwa sababu za kiafya, na familia inabaki na bima ya Tricare. Usipoufikia unapewa malipo ya mkupuo: mshahara wa msingi wa miezi miwili kwa kila mwaka wa utumishi, yaani miezi 18 kwako. Inasikika vizuri, lakini VA itakata fedha hiyo kidogo kidogo kutoka kwenye malipo ya kila mwezi ya ulemavu uleule mpaka iishe, isipokuwa kama ulemavu ulipatikana katika eneo la vita au operesheni za kivita. Nami nikwambie wazi, pensheni yenyewe ya kustaafu kwa afya ukiwa na miaka tisa mara nyingi humezwa na malipo ya VA, kwa sababu kwa kawaida hupokei zote mbili kwa ukamilifu. Kinachobaki cha thamani kubwa ni hiyo bima ya mke na watoto. Ndiyo maana orodha ya magonjwa yanayopelekwa PEB ina uzito kuliko jumla ya asilimia ambayo watu hutambiana kantini.

Sasa mgongo wenyewe. Daktari atatumia goniomita, kifaa chenye mikono miwili iliyounganishwa na duara la nyuzi, kama protrakta ya shuleni. Kanuni zinamtaka akitumie, si kukadiria kwa macho. Mtu mzima mwenye mgongo mzuri huinama mbele mpaka nyuzi 90. Mgongo wa chini ukiishia kati ya 60 na 85, jedwali linatoa asilimia 10. Ukiishia zaidi ya 30 lakini usizidi 60, ni 20. Ukiishia 30 au chini yake, ni 40. Angalia pengo lililopo: kwa kuinama mbele hakuna asilimia 30, jedwali linaruka kutoka 20 hadi 40. Askari ambaye PEB imemkuta na mgongo tu, ustaafu wake unaamuliwa na nyuzi chache za kuinama.

Najua nimekupa namba zinazoweza kukutia majaribuni. Usizicheze. Daktari mzoefu anaanza kukupima kabla hajagusa goniomita: unavyoinuka kwenye kiti cha kungojea, unavyofungua kamba za viatu, unavyookota funguo zilizoanguka. Atakulaza chali na kuuinua mguu wako ukiwa umenyooka, kisha baadaye ukiwa umeketi atakunyoosha goti kana kwamba anaangalia kitu kingine. Kwa mishipa ya fahamu, mivuto hiyo miwili inafanana sana. Anayeigiza hulia kwenye wa kwanza na kusahau kwenye wa pili, na neno "haviwiani" likishaingia kwenye ripoti linachafua mpaka maumivu yako ya kweli. Tena wewe bado uko chini ya sheria za kijeshi, na kujifanya mgonjwa ili kukwepa kazi ni kosa chini ya Kifungu cha 83 cha sheria hizo, UCMJ. Fimbo uende nayo kama umeandikiwa na daktari wako au unaitumia siku zote. Kama hujawahi kuishika, iache dukani. Dawa zimeze kama kawaida yako, kisha mwambie mpimaji umemeza nini, saa ngapi, na siku usipomeza huwa unakuwaje. Hilo la mwisho ndilo ambalo watu hawalisemi.

Lakini kwa wale niliowapima, waongo walikuwa wachache. Walionipa kazi ni wanaojikaza. Sajini anaambiwa ainame mbele, naye anashuka mpaka vidole vinagusa sakafu, jasho likimtoka kwenye paji la uso, meno yameumana. Namuuliza kama imeuma, ananijibu "niko sawa, daktari". Fomu inataka namba, na namba ni nyuzi 90. Inataka kujua kama kuna dalili ya maumivu, naye ameshakana. Siku inayofuata hawezi kushuka kitandani, na hilo halimo kwenye karatasi yoyote. Sisi tumelelewa kuitikia salamu kwa "nzuri" hata tukiwa tumefungwa bandeji, na jeshi nalo likatufundisha kutolalamika. Tabia hizo zimekufikisha ulipofika, sawa, ila ndani ya chumba kile zinakuandikia afya usiyokuwa nayo.

Fanya hivi. Ukiambiwa uiname, nenda taratibu. Pale maumivu yanapoanza, sema "hapa yameanza". Endelea mpaka mahali ambapo ukiwa nyumbani ungesimama, usimame, useme "hapa ndio mwisho". Atakurudisha kufanya hivyo angalau mara tatu, kwa sababu fomu inauliza kama kurudia kunapunguza uwezo. Ukisikia mgongo unakaza kwenye mara ya tatu, mwambie. Goti hali kadhalika: kanuni zinatambua kiungo kinachouma kikisogezwa hata kama kinafika mwisho wa mwendo wake, na kwa kawaida hakipewi sifuri.

Kisha litakuja swali la siku mbaya. Huenda siku ya miadi mgongo ukawa umetulia, na hilo lisikutie hofu. Mahakama ya rufaa za maveterani, katika kesi ya Sharp dhidi ya Shulkin ya mwaka 2017, ilieleza kwamba mpimaji hawezi kuandika tu "sijui, leo hajazidiwa". Anapaswa kukuuliza, kutazama jalada, na kukadiria uwezo unaopotea unapozidiwa. Kwa hiyo nenda na majibu: inatokea mara ngapi kwa mwezi, inadumu siku ngapi, inachochewa na nini, na siku hizo huwezi kufanya nini. "Inauma sana" haimsaidii. "Mara mbili kwa mwezi, siku tatu kila mara, mke wangu ndiye anayenivisha soksi, na mwezi uliopita nilikosa zamu mbili" inamsaidia, maana kila kipande kina mahali pake kwenye fomu.

Sasa ule mguu. Umeutaja kwa nusu sentensi na kusema si kitu, mimi ndio ulionishtua. Ganzi inayoshuka kutoka kwenye mgongo ulioumia kwenda mguuni mara nyingi maana yake ni kwamba mzizi wa neva umebanwa, na hilo kwenye jedwali ni tatizo linalojitegemea lenye asilimia zake, mbali na zile za mgongo. Kwa neva kubwa ya nyuma ya paja, hali nyepesi ni asilimia 10, ya kati ni 20, na zinapanda kutoka hapo. Kama halikuandikwa kwenye fomu ya madai uliyojaza na mratibu wa VA, mpimaji anaweza asiligusie kabisa. Mpigie huyo mratibu wiki hii, umwambie unataka ganzi ya mguu iongezwe kabla ya miadi. Na nenda kwa daktari wako wa kawaida iandikwe kwenye jalada, aangalie nguvu za mguu na hisia za vidole. Angalia inapita wapi: nyuma ya paja au mbele, inaishia kwenye kidole gumba au upande wa kidole cha mwisho. Njia hiyo ndiyo inayotuonyesha ni mzizi gani.

Kuna hali ambayo haingoji miadi yoyote. Ganzi ikihamia sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila wewe kujua, choo kikikuponyoka, au mguu ukilegea ghafla, nenda chumba cha dharura saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Neva zikibanwa kwa namna hiyo, saa chache zinaweza kutofautisha kupona na kulemaa.

Kuhusu kichwa, fomu haiulizi kinauma kiasi gani. Inauliza kama maumivu yanakulaza: unaacha kila kitu, unaingia chumba chenye giza, huvumilii mwanga wala sauti. Na hayo yanatokea mara ngapi. Kwa kipandauso, mashambulizi ya namna hiyo yanayotokea kwa wastani mara moja kwa mwezi katika miezi ya karibuni ni asilimia 30. Ya kila miezi miwili ni 10. Yakiwa ya mara kwa mara sana, marefu, na yakikuvuruga kabisa kikazi, ni 50. Hapa shajara inafanya kazi kuliko maelezo. Anza leo, kwenye simu au daftari: tarehe, saa kilipoanza, saa kilipoisha, ulilala au ulisukuma siku, umemeza nini, ulikosa kazi gani. Wiki mbili si nyingi ila zinaonyesha mwenendo, na miezi ya nyuma unaweza kuikumbuka kwa kutazama siku ulizoruhusiwa kupumzika na tarehe ulizochukua dawa. Tena kumbuka habari ya mpaka wa asilimia 30. Kama kichwa ndicho kinakutoa kazini, uliza kama kimo kwenye orodha ya MEB ya magonjwa yasiyokidhi viwango vya kubaki jeshini, au kimeandikwa pembeni tu kama tatizo dogo. Kama ni pembeni na hukubaliani, una haki ya kuomba daktari asiyehusika na kesi yako aipitie, na ya kuandika pingamizi.

Masikio nitayapitia haraka, isipokuwa kitu kimoja. Mvumo una asilimia 10, iwe sikio moja au yote mawili. Usikivu unapimwa kwenye chumba kisichopitisha sauti kwa milio na kwa orodha ya maneno ya Kiingereza iitwayo Maryland CNC, ambayo unasikia neno fupi na kulirudia. Mwambie mpimaji mapema kwamba Kiingereza si lugha yako ya kwanza. Kanuni, 38 CFR 4.85, inamruhusu kueleza kwamba kipimo cha maneno hakifai kwa sababu ya lugha, na hapo VA inatumia jedwali jingine linalotegemea milio peke yake. Nimeona watu wetu wakipimwa lafudhi badala ya masikio, na hakuna aliyeuliza.

Tumefika kwenye ndoto. Rafiki yako aliyekuambia unyamaze hakutaki mabaya, anarudia alichosikia. Mpimaji wa PTSD ni mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili. Atakuuliza juu ya tukio lenyewe, usingizi, hasira, kujitenga, kushtuka, pombe, ndoa na kazi. Mwishoni anatia alama moja inayoeleza kwa ujumla matatizo hayo yanaathiri kazi na mahusiano kwa kiwango gani, kuanzia hakuna hadi kabisa. Asilimia zinazotoka hapo ni 0, 10, 30, 50, 70 au 100. Kwenye fomu nzima hakuna kisanduku cha "mwendawazimu". Na kama PTSD iliyotokana na tukio zito ndiyo miongoni mwa yanayokutoa jeshini, kanuni inaanza na asilimia 50 isiyopungua. Kwa kawaida unawekwa kwenye orodha ya ustaafu wa muda, TDRL, na kupimwa tena ndani ya miezi sita. Orodha hiyo ina kikomo cha miaka mitatu, na asilimia inaweza kupanda au kushuka.

Sitakuficha upande wa gharama. Ukikutwa unafaa kubaki kazini, jalada la afya ya akili litabaki nawe, na baadhi ya majukumu, hasa ya silaha, yanaweza kusimamishwa kwa muda ukiwa kwenye matibabu. Mtu mwenye ndoto ya kuendelea na kazi fulani ana haki ya kulipima hilo. Lakini wewe uko MEB tayari, hulali, na mke wako anaona. Kwa hali yako naona hasara ya kunyamaza ni kubwa kuliko ya kusema. Cha kufanya kwanza ni kumwona mtaalamu wa afya ya akili wa kambini kabla ya miadi ya VA. Hilo litakusaidia kulala, ambalo ndilo kubwa, na tena jalada litaonyesha kwamba tatizo halikuzaliwa siku ya kupimwa. Huna haja ya kusimulia kila kitu cha Afghanistan kwa ukamilifu. Sema yaliyotokea kwa kifupi, kisha tumia muda wako kueleza yanakufanyaje sasa. Na ikiwa usiku wowote mawazo ya kujidhuru yatakujia, piga 988 kisha bonyeza 1. Ni simu ya askari na maveterani, saa zote, na huhitaji kuwa umeshaandikishwa popote.

Karatasi za kubeba si nyingi. Ukurasa mmoja wa dalili zako kwa kila tatizo, shajara ya kichwa, orodha ya dawa, na nakala za vipimo vilivyofanywa nje ya hospitali za jeshi, kama vipo. Mwombe mke wako ajaze fomu ya VA namba 21-10210, ya maelezo ya shahidi. Asiandike kwamba unastahili malipo. Aandike anachokiona: soksi, usiku unaoamka ukipiga kelele, sherehe ulizokataa kwenda, watoto walioacha kukurukia mgongoni. Mpimaji anayekutana nawe mara moja hana njia ya kuona hayo. Iingizwe kwenye jalada kabla ya miadi, maana si kila mpimaji atapokea karatasi mkononi. Na miadi usiikose. Dharura ikitokea piga simu mapema upangiwe siku nyingine, kwa kuwa bila kipimo VA huamua kwa karatasi zilizopo tu.

Kuhusu hesabu ya jumla, usijumlishe kama sokoni. VA inachukua asilimia kubwa kwanza, kisha inakata inayofuata kutoka kwenye kilichobaki. Mgongo 40, kichwa 30 na mvumo 10 si 80. Arobaini inaacha 60. Asilimia 30 ya 60 ni 18, umefika 58. Asilimia 10 ya 42 iliyobaki ni nne na kidogo, umefika 62, inarudishwa kwenye 60. Kwa viwango vya mwaka 2025, 60 ilikuwa dola 1,395.93 kwa mwezi kwa mtu asiye na wategemezi, na mke na watoto huongeza kitu.

Kwa msaada, una PEBLO wa upande wa jeshi na mratibu wa VA. Ni watu wa kukuongoza kwenye taratibu, wala si mawakili wako. Wakili unaye, na ni bure: Jeshi la Nchi Kavu lina Office of Soldiers' Counsel, kwa ajili ya askari walio MEB na PEB hasa. Watafute kabla ya vipimo, usingoje matokeo mabaya. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion vina wawakilishi waliothibitishwa na VA ambao hawatozi kitu. Atakayekuomba asilimia ya malipo yako ili akutayarishie dai la kwanza, mkimbie. Sheria ya shirikisho hairuhusu mtu kutoza kwa kazi hiyo.

Ripoti zikitoka, omba kuzisoma kupitia PEBLO kabla hazijasonga mbele. Anza na mambo ya kijinga: je, ni goti la kulia au limeandikwa la kushoto? Kuna namba za nyuzi za mara ya kwanza na za baada ya kurudia? Swali la kuzidiwa limejibiwa au limeachwa tupu? Ganzi imo? Makosa ya namna hii ni rahisi kurekebisha wakati jalada bado liko kwenye MEB, na ni mateso baadaye. PEB ikitoa uamuzi usiouafiki, unaweza kuomba kusikilizwa rasmi ukiwa na wakili. Ukikubali kwamba hufai kazini lakini ukaona asilimia ya tatizo lililokutoa ni ndogo, unaruhusiwa kuomba VA iipitie upya mara moja kabla hujatoka. Matatizo mengine yote utayakatia rufaa VA baada ya kutoka, ndani ya mwaka mmoja tangu barua ya uamuzi. Upande wa PEB, hata hivyo, muda ni siku chache, na zinaanza kuhesabiwa unapokabidhiwa karatasi. Usitie saini palepale ofisini hata kama anayekupa ni mtu mwema na ana haraka. Chukua nakala, andika juu yake tarehe uliyoipokea, na umpelekee wakili siku hiyohiyo.